Gari Nalo Lina Safari Yake: Kutoka Mombasa Hadi Kambi ya Saadani

Watu wa Mombasa tuna mazoea na Tanga. Kuna harusi, kuna hitima, kuna shangazi aliyeolewa kule tangu enzi hizo. Mtu hupanda basi asubuhi, na kabla jua halijapinda ameshakaa kwenye mkeka wa wenyeji. Kwa hivyo niliposema kwamba likizo ya Agosti nitaendesha gari mwenyewe, nivuke mpaka wa Horohoro, nipite Pangani na kwenda kupiga kambi katika hifadhi ya wanyama ya Saadani, Tanzania, na watoto, hakuna nyumbani aliyeuogopa mpaka. Waliogopa simba. Simba hatukumwona hata unyayo. Mpaka ndio uliotukalisha wiki nzima nzima tukifuatilia karatasi.

Ukisafiri kwa basi, wewe ni abiria tu, na mambo ya gari ni ya mwenye basi. Ukienda na gari lako, mpaka mmoja unakuwa mitatu: wa watu, wa gari na wa mizigo. Kila mmoja una dirisha lake, karatasi zake na pesa zake. Afisa wa dirisha hili hakuulizi ya dirisha lile, wala kugongewa muhuri wa pasipoti hakulisaidii gari lako hata kidogo. Laiti mtu angenieleza hivyo tangu mwanzo, ningepanga faili langu kwa mafungu matatu badala ya kulijaza karatasi kama gunia.

Nianze na watu. Tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike, wanangu wawili, binamu yangu aliyezaliwa London na rafikiye wa kazini, Mwingereza. Sisi Wakenya tunaingia Tanzania bila viza, ila kitambulisho hakitoshi. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho, na wengi huku kwetu hudhani mpango huo ni wa Afrika Mashariki yote. Tanzania haimo. Pasipoti ndiyo hati ya kwenda nayo, na kila mtoto awe na yake. Baba watoto ni baharia na wakati huo alikuwa melini, kwa hiyo kabla hajaondoka alitia sahihi mbele ya wakili barua ya kuniruhusu kusafiri na watoto, nami nikaifungasha pamoja na vyeti vyao vya kuzaliwa. Mpakani barua hiyo iliulizwa kweli, tena kwa upole, na kwa kuwa ilikuwepo mambo yaliisha hapo hapo.

Binamu yangu alitua Mombasa akiwa na habari za ile viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, ya dola 100 na siku 90, akiamini ikishapatikana hiyo basi kazi imekwisha. Viza ile ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa Tanzania ilibidi yeye na mwenzake waombe viza ya kawaida ya utalii, dola 50 kila mmoja kwa Waingereza. Wamarekani hulipa 100. Waliomba mtandaoni kabla ya safari. Hapo nitie neno: ukitafuta viza ya Tanzania mtandaoni, tovuti za kwanza kukutokea mara nyingi si za serikali. Zina bendera, zina picha ya Kilimanjaro, na zinakutoza karibu maradufu kwa kukujazia fomu ambayo ungeijaza mwenyewe kwa kikombe kimoja cha chai. Tafuta tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe, inayoishia na go.tz.

Halafu kuna homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo anayeingia Tanzania akitokea kwetu hudaiwa cheti cha chanjo. Chanjo huanza kuhesabiwa siku ya kumi baada ya sindano, hivyo ukidungwa Ijumaa usafiri Jumapili, umejidunga bure. Faida yake ni kwamba tangu mwaka 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Mpakani kuna vijana watakaokunong'oneza kwamba kadi inapatikana hapo hapo, sindano si lazima. Mimi na watoto wangu hatukuwa na haja nao, lakini niliona mama mmoja akihesabu noti, na nilimwonea huruma zaidi kuliko kumlaumu. Alikuwa na mtoto mgongoni na basi lilikuwa likipiga honi.

Sasa gari. Hapa ndipo pesa na usingizi vilipopotea.

Gari letu limeandikwa jina la mume wangu pamoja na benki, kwa sababu mkopo haujaisha. Maana yake ni kwamba mimi niliyeshika usukani si mwenye gari machoni pa forodha, na hata mume wangu si mwenye gari peke yake. Nilihitaji barua mbili. Ya mume ilikuwa rahisi: inataja namba ya gari, namba ya chesisi, jina langu na namba ya pasipoti yangu, nchi ninayokwenda na tarehe, tena ina muhuri wa wakili. Ya benki ilichukua muda kuliko viza ya binamu yangu. Benki inataka kujua gari lililowekwa dhamana linakwenda wapi, litarudi lini, na kama bima inalifuata huko liendako. Kama gari lako lina mkopo, anza na barua hii kabla ya jambo jingine lolote, hata kabla ya kuwaahidi watoto.

Bima ya kawaida ya Kenya huishia mpakani. Ng'ambo unahitaji kadi ya njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayowalinda watu wengine ukiwagonga au ukiwaharibia mali. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huu wa bima, kwa hiyo kadi inakubalika. Inatolewa na kampuni yako ya bima kama nyongeza ya ile uliyonayo. Ikumbuke kwa jina lake kamili, kwa sababu cheti cha homa ya manjano nacho ni kadi ya njano. Mdogo wangu alimuuliza wakala wetu kwa simu, “Kadi za njano ziko tayari?” Akajibiwa ziko tayari, kumbe kila mmoja ana lake kichwani.

Kadi ilipotufikia, nchi zimeorodheshwa na Tanzania imekatwa kwa kalamu, Uganda imeachwa. Wakala alitujazia kwa mazoea, maana wateja wake wengi huenda huko. Na tarehe ya kuanza ilikuwa kesho yake ya siku tuliyopanga kuvuka. Tungefika nayo Horohoro, tungegeuzwa. Kwa bahati mdogo wangu ana tabia ya kusoma kila kitu hadi maandishi ya kwenye kopo la sabuni. Kadi ikarudishwa, ikaandikwa upya. Basi ikifika mkononi mwako, kagua nchi, tarehe zote mbili, namba ya gari na namba ya chesisi ukiwa bado kaunta, usingoje kufika nyumbani.

Shemeji yangu alitaka tuchukue Prado lake, eti la kwetu ni dogo kwa njia za mbugani. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetukumbusha, baada ya kufikiri, kwamba hifadhi za Tanzania hutoza gari kwa namba zake na kwa uzito wake. Gari lenye namba za Tanzania hulipa kwa shilingi. Lenye namba za nje hulipa kwa dola: mwaka tuliokwenda ilikuwa dola 40 kwa gari lisilozidi kilo 2,000, na likizidi hapo linaruka hadi 150, VAT bado. Uzito unaohesabiwa ni wa gari tupu, ule ulioandikwa kwenye logbuku (wenzetu wa Tanzania huiita kadi ya gari). Prado limevuka kilo 2,000. La kwetu liko chini kwa mbali. Tukabaki na letu, tukaombea mvua isinyeshe, maana ule udongo mweusi wa Saadani ukilowa hauchagui gari dogo wala kubwa.

Mizigo ilikuwa na vichekesho vyake. Binamu yangu alipanga vyakula vyote katika mifuko ya plastiki, kimoja ndani ya kingine, kwa unadhifu wa kupendeza. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, kwa hiyo tulifungua kila kitu sebuleni tukahamishia kwenye vikapu na makopo. Droni ya mpwa wangu ilibaki nyumbani kwa ugomvi kidogo. Tanzania hairuhusu kuirusha bila kibali kilichoombwa mapema, na kuibeba bila karatasi ni kujitafutia maswali. Nyama mbichi pia hatukubeba. Tanga kuna nyama, na samaki wa Pangani hahitaji kusifiwa na mimi.

Kazi moja iliyonipa faida kubwa ilikuwa orodha. Jenereta ndogo, friji ya gari, kamera, mahema, kompyuta ya mdogo wangu: kila kimoja na namba yake ya utambulisho, nakala mbili, sahihi yangu chini. Wakati wa kwenda inamwonyesha afisa wa Tanzania kwamba vitu hivi ni vya matumizi na vitarudi. Wakati wa kurudi inamwonyesha afisa wa Kenya kwamba hukuvinunua huko. Bila karatasi, unabaki na mdomo wako tu.

Siku yenyewe tuliwahi feri ya Likoni ya alfajiri, tukapita Ukunda na Msambweni barabara ikiwa bado baridi. Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja, na utaratibu wake huwachanganya wageni: ukienda Tanzania, huduma zote unazipata upande wa Tanzania. Maafisa wa Kenya wa kukutoa na wa Tanzania wa kukupokea wako jengo moja, Horohoro. Ukirudi, zote ziko Lunga Lunga, upande wa Kenya. Kabla hujafika, vijana watakimbilia dirisha la gari wakikuambia ushuke hapa, lete pasipoti, mimi ni ajenti. Tuliwasalimia, tukashukuru, tukaendelea. Ajenti wa forodha wana kazi yao halali kwa mizigo ya biashara. Gari la familia na mahema hawana la kulifanyia usiloliweza mwenyewe.

Tulianza dirisha la afya, kisha uhamiaji, na hapo ndipo nilipoulizwa swali nililokuwa nimeambiwa nilisubiri. Afisa aliwatazama wale wawili wenye pasipoti za Uingereza, akanitazama mimi.

“Dada, hawa ni wageni wako au ni watalii unaowabeba?”

“Kaka, huyu mama zetu ni dada. Na yule ni rafiki yake.”

“Wamekulipa?”

Swali hilo si la udaku. Kuna makubaliano ya mwaka 1985 baina ya Kenya na Tanzania yanayosema magari ya utalii ya nchi moja hayawabebi wageni ndani ya hifadhi za nchi nyingine. Abiria hubadilishiwa gari mpakani. Jambo hilo limezua mivutano zaidi ya mara moja, na maafisa hawalichukulii kimchezo. Gari la kibinafsi lenye jamaa na marafiki linaruhusiwa. Lakini kama mmechangishana mafuta na mgeni wako akajibu kwa Kiingereza chake cha uaminifu kwamba ndiyo, amekulipa pauni kadhaa, utakaa hapo ukijieleza. Sisi tulikuwa tumeshazungumza nyumbani: mafuta yangu, chakula chao, na kila mtu ajilipie ada ya hifadhi. Ndivyo ilivyokuwa kweli, na ndivyo tulivyojibu.

Forodha ndiyo iliyokula saa nyingi zaidi. Afisa alichukua logbuku, barua mbili, pasipoti yangu na kadi ya bima, akatoka kwenda kulinganisha namba ya chesisi na iliyopigwa kwenye chuma. Akaliona dumu la petroli nyuma. Mafuta yaliyo ndani ya tangi la gari hayana neno, ya kwenye dumu ni bidhaa. Alituelekeza tuyamimine tangini, na tangi kwa bahati lilikuwa na nafasi. Kisha akauliza tutakaa siku ngapi. Mdogo wangu alikuwa amefungua kinywa kutaja siku za kambi. Nikamwahi nikaomba na za ziada. Muhuri wa pasipoti na muda wa kibali cha gari, yaani ruhusa ya kuliingiza kwa muda bila kulilipia ushuru, ni tarehe mbili tofauti. Mimi ninaweza kuwa na ruhusa ya kukaa huku gari limeshapitiliza, na anayeharibikiwa na gari Pangani hana muda wa kurudi mpakani kuomba siku mbili.

Malipo Tanzania huenda kwa namba ya malipo ya serikali, wenyewe huiita kontroli namba. Afisa hapokei pesa mkononi, anakupa namba, wewe unakwenda kulipa benki, kwa wakala au kwa simu. Hapa ndipo Wakenya tunapoumbuka. Tuna M-Pesa, wao wana M-Pesa, tunadhani ni ile ile. Laini ya Kenya hailipi kontroli namba. Nilibadilisha pesa, nikamlipa wakala wa benki hapo kituoni, risiti ikasoma kwenye mtambo, kibali kikatoka. Siku ile ile Tanga mjini tulisajili laini ya Tanzania kwa pasipoti na alama za vidole, nikaitia shilingi. Laini ile ilituokoa mara mbili.

Ya kwanza ilikuwa kabla ya Pangani. Tanzania ukiona kibao cha 50, ni 50 kweli, na askari yupo chini ya mti. Faini ni shilingi 30,000 za kwao, nayo ni kwa kontroli namba pia. Sikubishana.

Ya pili ilikuwa Saadani. Tulilala Pangani kwenye kambi ya watu binafsi ufukweni, asubuhi tukavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, tukashuka kusini kwa barabara ya vumbi hadi geti la kaskazini upande wa Madete, pale kasa wanapokuja kutaga. Getini hawapokei taslimu, na mtandao huja na kuondoka upendavyo. Nilikuwa nimewapigia simu hifadhi siku moja kabla, nikaomba ankara ya watu, gari na kambi, nikalipa nikiwa Tanga. Familia iliyokuwa mbele yetu ilisimama juani ikisubiri alama za mtandao zipande.

Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo saa ya kuingia ni pesa. Ukiingia alasiri unapata jioni moja na asubuhi nzima kwa siku moja ya malipo. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo kabisa, mradi uonyeshe pasipoti. Binamu na mwenzake walitozwa dola 30 kwa siku, juu yake VAT ya asilimia 18, na kambi tena mbali. Binamu alinuna kidogo. “Mama yangu amezaliwa Mji wa Kale,” alisema. Pasipoti ndiyo inayosoma, nikamwambia, si damu. Uliza pia ni kambi gani unalipia: kambi ya umma ni ya kila mtu na ina choo na jiko, kambi maalumu mnapewa peke yenu, ni ghali zaidi, na mara nyingi hakuna chochote ila miti. Kuni haziokotwi hifadhini. Tulipika kwa gesi.

Usiku wa kwanza tulisikia bahari upande mmoja na fisi upande wa pili, na watoto wakalala katikati yangu na mdogo wangu kama samaki kwenye kopo. Asubuhi tumbili waliiba mkate wote. Kuhusu hifadhi yenyewe wengine wameandika vizuri zaidi, niishie hapo.

Binamu na mwenzake walituacha Tanga, wakapanda basi la Dar ili wavuke Unguja. Walikuwa wameshanunua bima ya lazima ya wageni wa Zanzibar, dola 44 kwa kila mmoja, inayodaiwa tangu Oktoba 2024 hata kama una bima yako kutoka kwenu.

Sisi tulirudi na kikapu cha machungwa ya Muheza na miche minne ya michungwa ambayo mdogo wangu alimnunulia mama. Lunga Lunga afisa wa mimea aliyaangalia machungwa, akaitazama miche, akauliza cheti cha afya ya mimea na kibali cha kuiingiza. Hatukuwa nacho. Mmea wenye udongo unaweza kubeba wadudu na magonjwa, ndiyo maana kibali kinaombwa kabla ya kununua, si baada. Miche ilibaki pale. Mdogo wangu hakusema neno hadi Msambweni.

Jambo la mwisho hufanywa Lunga Lunga, na ndilo ambalo watu waliochoka hulipita: kufunga kibali cha gari. Mbele yangu palikuwa na mzee aliyekuwa akirudi Kenya, akaambiwa kwamba kwenye mtambo gari lake limeingia Tanzania safari ya mwaka uliopita na halijawahi kutoka. Alikuwa amegongewa pasipoti yake, akaona ameshamaliza, akaendesha. Gari likahesabiwa limebaki kule bila ushuru. Nilimwacha akitafuta risiti za zamani kwenye simu ya mwanawe.

Zamu yangu ilipofika sikuridhika na kuambiwa tayari. Nilimwomba afisa anionyeshe kwenye kioo cha kompyuta kwamba namba ya gari langu imefungwa, kisha anipe karatasi yenye muhuri na tarehe. Alicheka, akanipa. Karatasi hiyo ipo ndani ya faili la gari pamoja na kadi ya bima, na nakala yake nimempelekea mume wangu, kwa sababu jina lililo kwenye logbuku ni lake. Mdogo wangu ameshaanza kutaja Lushoto. Nimemwambia atangulie benki.